Historic au historical? Msomaji wa Bagamoyo kachanganyikiwa

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi natembeza wageni hapa Bagamoyo, Mji Mkongwe mpaka magofu ya Kaole. Juzi nilikuwa naelezea mwili wa mpelelezi David Livingstone ulivyofikishwa hapa 1874, nikasema ilikuwa "historical day", mgeni mmoja mzee akanirekebisha, sema "historic". Mbele kidogo nikasema "historic photos" za makumbusho, akanirekebisha tena, sema "historical". Kwani si yote ni ya kihistoria?

JIBU: Marahaba kijana wangu. Hapo ulipomalizia ndipo penye shida yenyewe, sisi tunasema "ya kihistoria" kwa yote mawili basi tumemaliza, Mwingereza kayatenganisha. Na sikio nalo halikusaidii, mkazo uko palepale kwenye "to", kinachobaki ni kijimkia cha mwisho ambacho mtu akiongea haraka hukisikii kabisa.

Historic ni jambo zito, lililoandika historia. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, na wenzao wamebeba ule mwili kwa miguu toka Chitambo, Zambia ya leo, tangu 1873, miezi na miezi, mpaka Februari 1874 wakaufikisha hapo misheni ukalazwa kanisani kabla ya kuvushwa Zanzibar. Siku ile ni historic, mzee alikuwa sahihi. Tarehe 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika, nayo hivyohivyo.

Historical ni chochote kinachohusu mambo ya zamani, kiwe kikubwa kiwe kidogo. Chukua picha ya mvuvi wa zamani anashona wavu ufukweni, mguu mmoja kaukanyagia uzi. Yule hakubadilisha chochote duniani, ila picha yake inatuonyesha watu walivyoishi, kwa hiyo ni historical photo, na kwangu mimi ina thamani kubwa tu. Riwaya inayosimulia enzi za misafara ya pembe nayo ni historical hata kama imetoka mwaka huu.

Kaole sasa, hapo usiogope, ukiita historic site uko sawa maana ule msikiti ni wa kale sana huku bara, ukisema historical kwa maana ya sehemu ya kujifunzia historia napo hujakosea.

Ndivyo zilivyo pia economic, ya mambo ya uchumi, na economical, ya kubana matumizi, kama pikipiki isiyokula mafuta.

Halafu ile h itamke vizuri usiimeze: "a historic day".