Shangazi, nimemlaumu Mungu jikoni

*Shangazi, shikamoo. Naishi Uyole, Mbeya, nina watoto watatu. Mume wangu alifariki mwaka juzi. Msimu huu nilikopa laki sita kwenye kikoba nikalima viazi. Ugonjwa wa baka ukavichoma vyote ndani ya wiki mbili. Marejesho yanaanza mwezi ujao. Mtumishi mmoja anasema shamba limeingiliwa na nguvu za giza na imani yangu ni haba, nitoe laki na nusu nipande mbegu madhabahuni. Nimechoka kuomba. Juzi nilimlaumu Mungu kwa sauti jikoni, watoto wakasikia. Je, nimemkosea? – Mama wa Uyole*

Marahaba, mwanangu. Pole ya viazi, na pole ya mwenzio pia, maana msiba umeugusa kwa sentensi moja ukakimbilia deni.

Tuanze na jikoni. Fungua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Hiyo ni sala. Ya 88 ndiyo kabisa, inaanza na kilio na kuishia gizani, wala hakuna aliyeifuta. Umemlalamikia Mungu kwa sababu bado unamtegemea. Usiyemtarajia kitu humpigii kelele. Watoto waambie hivyo hivyo: mama alikuwa anamlilia Mungu. Kukuona ukijifanya huumii kungewachanganya zaidi.

Na kuchoka si dhambi. Eliya alichoka hadi akaomba afe, chini ya mretemu. Malaika hakumhubiria neno. Alimpa mkate na maji, naye Eliya akala, akalala tena. Wewe umekula leo? Sikutanii.

Sasa huyo mtumishi. Baka huletwa na vimelea vinavyopenda baridi na unyevu, na upepo huvihamisha shamba hadi shamba. Kwa ukungu wetu huu wa Uyole, mzee wa kanisa na mlevi wa pombe za kienyeji huunguliwa pamoja. Ni ugonjwa ule ule uliomaliza viazi vya Ireland kuanzia 1845, na huko nako walikuwepo waliosema ni adhabu ya Mungu, huku watu wakifa njaa. Rafiki zake Ayubu walisema maneno ya namna hiyo, na mwisho wa kitabu Mungu aliwakasirikia wao, si Ayubu. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba uondoke, haukuondoka. Ungethubutu kusema imani yake ilikuwa haba?

Kwa hiyo laki na nusu usitoe. Na ole wako ukaikope. Sadaka yako ya Jumapili, hata iwe mia tano, inatosha. Mjane wa Injili alitoa senti mbili na Yesu hakumdai nyongeza.

Deni ni jambo la kutembea kwa miguu. Usingoje tarehe ifike ndipo uanze kujificha sokoni Mwanjelwa ukimwona mwenyekiti. Mfuate kabla ya kikao, mchukue akaone shamba, kisha ombeni wanakikundi wakusogezee marejesho au wayagawe madogo madogo. Uliza pia kama mfuko wa jamii unagusa janga kama lako. Vikundi vingi vina mfuko huo, na wanachama huona haya kuuomba. Najua kusimama mbele ya wenzako ni kugumu kuliko kufunga siku tatu. Lakini hao wenzako huenda ndio mkate wako wa Eliya, nawe unawapita ukitazama juu.

Mzee mmoja wa kanisa, au mama mwenzio unayemwamini, mwombe awe anakuja jioni mkae tu. Wale rafiki zake Ayubu walifanya vizuri siku saba za kwanza, walipokaa naye chini bila kusema neno.

Kuhusu shamba, usiweke mbegu kutoka kwenye viazi hivyo. Vilivyooza vichimbie mbali, na mwone bwana shamba kabla hujapanda tena. Ukipata laki na nusu baada ya kulisha watoto na kulipa kikoba, nunua mbegu safi za viazi.

Niandikie kikao kikiisha, uniambie walisemaje.