Kusoma optike ng'ambo: jina moja, kazi tatu

Ndugu zangu wa Goma na Bukavu, mmeuliza: mtoto mwenye diploma ya Serikali akija kusoma optike (elimu ya mwanga na lenzi) huku, atatoka na kazi gani? Nawajibu bila kupamba. Chini ya jina hilo kuna kazi tatu, na wengi wanalijua hilo wakiwa wameshalipa.

Ya kwanza ni miwani. Ufaransa ni BTS (diploma ya ufundi baada ya sekondari) ya opticien-lunetier, yaani fundi miwani, miaka 2. Ubelgiji wanaifunga pamoja na upimaji wa macho, miaka 3. Haimfanyi mtu daktari wa macho. Lakini msiidharau. Chukueni miwani iliyo tayari ya sokoni, iwe Birere au Kadutu, nguvu +4. Vitovu vya lenzi vimeachana milimita 70, mboni za mvaaji milimita 60. Kila jicho linachungulia milimita 5 pembeni mwa kitovu: sentimita 0.5 mara 4, hiyo ni prizimu 2 (kipimo cha jinsi lenzi inavyopindisha mwanga pembeni) kwa jicho, 4 kwa yote mawili. Macho yanalazimika kujikaza kuelekea pua siku nzima. Mama anasema miwani inamuumiza kichwa, anaivua, anaacha kushona. Fundi aliyesoma anapima mboni kwanza, ndipo anakata lenzi.

Ya pili ni nyuzi za fibre, nyuzi za kioo zinazoleta intaneti kwa mwanga. Mafunzo yake ni mafupi, na kwa anayetaka kurudi Kivu ndiyo ningeiweka mbele. Uzi wa masafa marefu una kiini cha mikromita 9 hivi (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), na ganda lake 125. Unaumenya, unaupangusa kwa alkoholi, unaukata wima, mashine inauunganisha kwa cheche ya umeme. Ukikatwa mshazari, hata digrii chache tu, kiungo kinapoteza mwanga. Fundi mzuri anataka upotevu wa mwanga chini ya desibeli 0.1, ukizidi anakata na kuanza upya. Na vumbi letu la lava! Chembe moja kwenye kichwa cha kiunganishi inatosha kuziba kiini chote. Ndiyo maana kichwa husafishwa na kuangaliwa kwa darubini ndogo kabla ya kuchomekwa, kila mara.

Ya tatu ni optike ya fizikia: leza, kamera, lenzi za darubini. Marekani inafundishwa Chuo Kikuu cha Rochester tangu 1929, na Tucson pia, katika Chuo Kikuu cha Arizona. Hapa hesabu ndiyo lugha: integrali, matrisi (majedwali ya namba), Fourier (hesabu ya kuchambua mawimbi). Aliyesoma ufundishaji au biashara sekondari atateseka mwaka wa kwanza, tena kwa Kiingereza. Kwa shahada ya kwanza mgeni hulipa karo kubwa. Kwenye shahada ya udaktari (PhD) ndiko wengi hulipwa posho ya utafiti. Na jambo ambalo mawakala wa viza hawalisemi: kazi nyingi za optike za kijeshi na za satelaiti haziwapokei wenye viza ya masomo. Zinadai uraia au ukaazi wa kudumu. Zinabaki leza za viwandani, vifaa vya hospitali na mitambo ya kutengenezea chipu za kompyuta.

Kabla ya kutuma dosiye, mwambieni mtoto aandike kwa mkono wake ni ipi kati ya hizo tatu, kisha alinganishe na orodha ya masomo ya mwaka wa kwanza ya chuo chenyewe.