Maswali ya Wasomaji: Kifua Kinachochoma Chini ya Maji

SWALI: Assalaam aleikum, dokta. Mimi ni mzamiaji wa pweza, natokea Kojani, Pemba. Nazama bila ya mtungi, kwa miwani na pumzi zangu tu. Nikiwa chini, kifua huanza kuchoma na tumbo kurukaruka hadi nalazimika kupanda. Je, hapo ndipo pumzi zinapokuwa zimekwisha? Vijana wenzangu huvuta pumzi za haraka haraka mara 20 au 30 kabla ya kuzama, na wanasema mchomo ule huchelewa, niwafuate? Jambo la pili, nikiwa baharini sinywi maji mengi, lakini haja ndogo hunishika kila mara. Je, figo zangu zina kasoro?

JIBU: Waaleikumu salaam, ndugu yangu. Naanza na suala la vijana, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kuua mtu: usiwafuate, na ukiweza wazuie.

Hewa tunayovuta ina oksijeni kiasi cha asilimia 21, na katika upumuaji wa kawaida ile tunayoitoa bado ina asilimia 16 hivi. Kwa hiyo kifua kinapoanza kuchoma, oksijeni haijakwisha. Kilichozidi ni kabonidayoksaidi, hewa chafu inayozalishwa na kila msuli unaofanya kazi. Ikilundikana, huifanya damu kuwa na asidi zaidi, na sehemu ya ubongo inayoungana na uti wa mgongo, ambayo huipima damu usiku na mchana hata tukiwa tumelala, huuamrisha ule msuli mpana uliotandazwa chini ya mapafu uanze kusukasuka. Huko ndiko kurukaruka kwa tumbo unakokusikia.

Anayepumua haraka haraka kabla ya kuzama haongezi oksijeni ya maana, kwa sababu chembe nyekundu za damu ya mtu mwenye afya huwa tayari zimeibeba karibu kadiri ya uwezo wake, asilimia 95 na zaidi. Anachokifanya ni kuitoa nje kabonidayoksaidi, yaani kumziba mdomo mlinzi anayempigia kelele. Huko chini ataona raha, atamfuata pweza pangoni, na oksijeni itashuka bila ya yeye kuonywa. Hatari huzidi wakati wa kupanda. Katika kina cha mita 10 mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu, na mgandamizo huo husaidia kuisukuma oksijeni iliyobaki mapafuni iingie katika damu. Mtu anapopanda, msukumo huo hupungua, na anaweza kuzimia akiwa amebakisha mita chache tu kufika juu. Mara nyingi hapigi kelele wala hatapitapi, na ndiyo maana walio chomboni huchelewa kutambua.

Vuta pumzi mbili tatu za taratibu, pumzika juu ya maji kwa muda mrefu kuliko ule uliokaa chini, na zameni kwa zamu: mwenzako asishuke mpaka umepanda na umevuta pumzi kadhaa mbele ya macho yake.

Ukitaka kuyafahamu mapafu, nunua sokoni kipande cha pafu la ng'ombe na kipande cha ini, uvitie katika bakuli la maji. Ini litazama, pafu litaelea, kwani limejaa vifuko vidogo vya hewa. Binadamu ana vifuko vinavyokisiwa kufika milioni 300 au zaidi, na kuta zake ni nyembamba hata hewa na damu hukaribia kugusana. Upande wa kulia wa moyo huisukuma damu hadi kwenye vifuko hivyo, ikaacha kabonidayoksaidi na kuchukua oksijeni, kisha ikarejea upande wa kushoto ili isukumwe mwili mzima. Njia hiyo ya kupitia mapafuni iliandikwa katika karne ya 13 na tabibu Ibn al-Nafis, aliyefanya kazi Misri, ambaye alikataa kauli ya Galen, tabibu wa kale wa Kiyunani, kwamba damu hupenya ukuta unaozitenga pande mbili za moyo. William Harvey wa Uingereza alikuja kuueleza mzunguko mzima mwaka 1628. Kwangu mimi jina la Ibn al-Nafis linastahili kutajwa katika kila darasa la bayolojia hapa kwetu.

Sasa haja ndogo. Pasua figo la mbuzi katikati, utaona ukingo mwekundu mzito na ndani yake uwazi mweupe unaokusanya mkojo. Katika ukingo ule, kila figo la binadamu lina vichujio vidogo kiasi cha milioni moja. Kifumbu cha nazi huchuja mara moja na kazi ikaisha, lakini figo huchuja kisha hurejesha: kwa siku moja hupitisha takriban lita 180 za majimaji ya damu, karibu yote hurudishwa mwilini, na lita moja au mbili tu hutoka zikiwa na yurea, yaani taka ya mwili itokanayo na protini, na chumvi za ziada.

Unapokuwa ndani ya maji, uzito wa bahari huibana miguu na tumbo lako, na ubaridi huifinya mishipa ya ngozi, hivyo damu nyingi hukimbilia kifuani. Moyo ukinyooshwa na wingi huo huchukulia kwamba mwili una maji kupita kiasi, hutoa homoni inayoziarifu figo zimwage maji na chumvi, na ile homoni ya ubongo inayozuia mkojo hupungua. Figo zako ni nzima, zimetii amri. Ila maji unayoyapoteza ni ya kweli, kwa hiyo beba dumu la maji ya kunywa kila utokapo. Ya bahari usiyaguse hata ukishikwa na kiu kali, kwani yana chumvi kiasi cha gramu 35 kwa lita, na figo hulazimika kutumia maji mengi zaidi kuitoa kuliko uliyokunywa.

Jambo moja tu lingenitia wasiwasi, nalo ni damu katika mkojo, hasa matone ya mwisho. Kwetu Unguja na Pemba hiyo mara nyingi ni kichocho, ambacho hakitoki baharini bali katika mito na mabwawa ya maji baridi yenye konokono, na kikiachwa huharibu kibofu na hatimaye figo. Ukiiona kwako au kwa mtoto wako, nendeni kituo cha afya na kupimwa mkojo. Dawa yake ni vidonge vya prazikwanteli.