Re: Grupu la WhatsApp la afya kwa wadada transjenda Dodoma – LIFUTE, NAMBA ZISIKUTANE

Mdogo wangu, futa hilo grupu. Salamu baadaye.

Umeuliza mengi: programu gani inafaa kukumbusha watu dawa, meseji ziende saa ngapi, bando alipe nani, wale wa Kongwa na Mpwapwa wenye kiswaswadu wafanyeje, na kama vipimo vya kujipima VVU vitangazwe humo humo. Mimi nimeishia pale ulipoandika kwamba tayari umeshawaunganisha wadada wa Area C, Chang'ombe na Nkuhungu, na "wanafurahi sana". Nikaweka simu chini, nikaenda kunywa maji.

Wanafurahi, najua. Wa kwangu nao walifurahi. Mimi ni mwelimishaji rika hapa hapa Dodoma, na ni mmoja wao, nimezaliwa na kuandikishwa mwanaume ila naishi kama mwanamke, siongei kama mgeni. Jina la grupu langu silitaji, ila lilikuwa na maua na lipstiki, na lilitosha kutuuza hata kabla mtu hajafungua meseji moja. Humo ndani watu waliuliza vitu ambavyo hawajawahi kumuuliza binadamu: PrEP, ile dawa ya kujikinga na VVU, inamezwaje, kidonda hiki ni kaswende au nini, muuguzi gani akikuona hapayuki. Mpaka picha za kopo la dawa zilipita. Nikajiona nimeshafanya kazi ya wizara nzima.

Halafu mdada mmoja akagombana na bwana wake. Bwana akaichukua simu usiku. Hakuwa fundi wala mtaalamu wa kompyuta, alikuwa na hasira na muda. Alichukua namba moja moja kwenye orodha ya wanachama, akaingia kwenye huduma ya pesa ya simu, akajifanya anatuma elfu moja. Kabla hujaweka namba ya siri, mtandao unakuonyesha jina la mpokeaji, si unajua? Anasoma, anaandika pembeni, anafuta muamala. Hajatumia hata senti. Na laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, zile za ujanja ujanja zilianza kuzimwa Januari 2020. Kwa hiyo anachokipata ni jina kamili, la kwako, la baba na la ukoo. La kwangu likisomwa hospitalini hata mimi huwa nageuka kumtafuta huyo mzee ni nani.

Hesabu mwenyewe alichokuwa nacho kufika asubuhi: picha ya wasifu yenye wigi, jina la utani, swali aliloliuliza kuhusu uume wenye usaha, na jina la kwenye kitambulisho. Vyote kwa mtu mmoja, kwenye skrinshoti. Zikaanza kutembea.

Mmoja alikuta vyombo vyake vimetolewa uani huko Chang'ombe, na kodi aliyolipa mbele haikurudi. Mwingine aliitwa kwao Kondoa "kuna msiba", akakuta kikao cha wajomba. Mimi nilihama mtaa, nikajifariji kwamba angalau chumba kipya hakina kunguni. Ila hayo ya nyumba yanasimulika. Lililoniuma ni kwamba waliacha kuja kliniki. Mdada aliyekuwa ameshafubaza virusi, anameza dawa zake vizuri, alikaa bila dawa kwa sababu alihisi kila aliyekaa kwenye benchi la CTC (kliniki ya dawa za VVU) ameziona zile skrinshoti. Tulipompata, virusi vilikuwa vimepanda tena. Grupu nililolianzisha ili watu wameze dawa ndilo lililowafanya waache dawa. Kaa na hilo kidogo.

Sasa nimseme mtu. Aliyetufundisha haya alikuja na kompyuta mpakato yake kwenye semina, tukala kuku, tukasaini posho, akatuonyesha picha za mradi wa Los Angeles. Mradi wenyewe upo na ni mzuri: wanawake transjenda vijana 130 wanaoishi na VVU walitumiwa meseji tatu kwa siku kwa siku 90. Lakini zile meseji zilikwenda kwa mtu mmoja, kwenye simu yake mwenyewe! Hakuna aliyemwona mwenzake. Bwana huyu akaifanya grupu kwa sababu "grupu ni bure na inajenga umoja". Nilipomuuliza kuhusu namba kuonekana, akanijibu kwa madaha kwamba WhatsApp imesimbwa, hata kampuni yenyewe haisomi. Kweli kabisa, kampuni haisomi. Bwana wa mtu aliyekaa kitandani na simu mkononi anasoma bila shida. Mtaalamu kashaondoka zake na treni ya mwendokasi, sisi tumebaki na wenye nyumba.

Na kinachonichekesha (nacheka nisilie) ni kwamba dawa ya jambo hili ilikuwa hapa jirani, tena kwa Kiswahili. Kenya, huko Nairobi na Kajiado, walifanya utafiti na watu 538 walioanza ARV, ukachapishwa 2010. Kila wiki muuguzi alituma neno moja: "Mambo?" Mgonjwa anajibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48. Akisema shida, au akikaa kimya, anapigiwa. Basi. Waliotumiwa, asilimia 62 walimeza dawa inavyotakiwa, wasiotumiwa asilimia 50. Neno dawa halimo, kliniki haimo, VVU haimo. Mama mwenye nyumba akiisoma kwa sauti pale bombani, wapangaji wote watamjibu "poa". Sisi tukapaa mpaka Marekani kutafuta meseji yenye kopa za mapenzi.

Namba zisikutane, mdogo wangu. Ukisahau yote niliyoandika, baki na hilo. Mtu wa Area C asijue kama wa Nkuhungu yupo, labda wakutanishwe na urafiki wao wenyewe.

Tena kuna la afya lenyewe. Kwenye grupu unatuma maelekezo ya aina moja kwa watu wasiofanana. Mle mwangu mtu alibandika ule utaratibu wa PrEP wa kumeza vidonge viwili kabla ya tendo, kisha kimoja kimoja baada yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) limeeleza tangu 2022 kwamba huo si wa wanaotumia homoni za kike aina ya estradioli, hao wameze kila siku. Sasa nusu ya wadada mle walikuwa wakimeza vidonge vya uzazi wa mpango, vyenye homoni za kike, kimya kimya ili wapate matiti. Nani angeinua mkono mbele ya wote aseme? Mmoja mmoja angeniambia.

Ukitaka kubaki WhatsApp, tumia orodha ya matangazo badala ya grupu. Unaandika mara moja, kila mtu anaipokea kama umemwandikia yeye tu, na jibu linarudi kwako peke yako. Sharti awe ameihifadhi namba yako, vinginevyo haimfikii. Halafu muulize kwanza: simu hii unaishika na nani? Jina gani nitumie? Nikikupigia nijitambulishe kama nani, wa saluni? Na simu yako wewe ifunge kama kasiki, maana namba zote zitakuwa humo. Kuna na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, taarifa za afya inaziita nyeti, ridhaa iwe ya maandishi. Mtaalamu wetu hakuigusia hata kwa bahati mbaya.

Bando na viswaswadu wengine watakujibu.

Kufuta: usitoke wewe tu, ukitoka grupu linabaki linaendelea bila wewe. Watoe wote kwanza, mmoja mmoja, ndipo ufute. Meseji za nyuma zitabaki kwenye simu zao, kwa hiyo usiandike sababu mle ndani. Wapitie majumbani, waombe wafute mbele yako. Kama huna nauli ya bajaji njoo PM nikurushie. Jina la yule mzee litatokea kwenye meseji ya muamala, cheka kimya kimya.