Watu wakionekana wanene kwenye tivii, anza na king'amuzi

Kila Januari Kombe la Mapinduzi likikaribia, jamaa huanza kunitafuta. Mimi si fundi. Nina subira tu ya kusoma menyu ya tivii mpaka mwisho, na hapa mtaani kwetu Wete, Pemba, hiyo inatosha kupewa cheo. Malalamiko huwa yale yale: wachezaji wamekuwa wafupi wapana, au matokeo ya mechi juu ya kioo yamekatwa nusu, au picha imejikunyata katikati na weusi umeizunguka pande zote nne. Na karibu kila nyumba, mtu ameshabonyeza rimoti ya tivii mpaka kachoka, ilhali tatizo limekaa kwenye king'amuzi.

Tivii za chogo zilikuwa na kioo cha 4:3, yaani upana sehemu nne na kimo sehemu tatu. Hizi bapa za leo ni 16:9. Visiwa vyetu vilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati Bara walisubiri hadi 1994, kwa hiyo tuna mrundo mkubwa wa taarabu, hotuba na maigizo yaliyorekodiwa kwa 4:3. Hayo hayageuki kuwa 16:9 kwa kubonyeza kitufe.

Chukua tepu upime. Tivii ya inchi 32 ina kioo cha upana wa sentimita 71 hivi na kimo cha 40. Picha ya 4:3 ikikaa humo bila kuguswa inachukua upana wa sentimita 53, zinabaki kama 9 kila upande, nyeusi. Ama uziache hivyo, ama uivute picha ijae kioo na kila mtu anenepe kwa theluthi moja, ama uikuze mpaka robo ya picha ipotee juu na chini. Hiyo robo ndiyo yenye matokeo ya mechi, jina la anayehojiwa na tafsiri ya maneno. Baadhi ya tivii zina mtindo mwingine unaoitwa "Panorama", unaovuta pembeni tu na kuiacha katikati salama. Mimi siupendi hata kidogo. Winga akianza kukimbia katikati ya uwanja ni mwembamba, akifika kwenye chaki ameshaota kitambi.

Hata hiyo 16:9 yenyewe ni suluhu. Katika miaka ya 1980 mhandisi mmoja wa Marekani, Kerns Powers, alichora mistatili ya maumbo mbalimbali ya filamu na televisheni yaliyokuwa yakitumika, akaipanga mmoja juu ya mwingine, akatafuta umbo litakaloyasitiri yote kwa hasara ndogo. Ndiyo maana filamu nyingi za sinema, ambazo ni pana zaidi ya 16:9, huacha weusi juu na chini hata kwenye tivii mpya kabisa. Kwenye hiyo ya inchi 32, kwa zile filamu pana kabisa, ni kama sentimita 5 juu na 5 chini. Tivii haijaharibika. Picha ndivyo ilivyopigwa.

Wazee ndio wagumu kuwashawishi. Ami yangu alinunua ya inchi 43, nikampangia 4:3 ibaki 4:3, akanitazama kama niliyemwibia.

"Nimelipia 43, wewe unanipa ngapi hapa?"

"Kama 35, ami."

"Nane zangu ziko wapi?"

Sikubishana naye. Nilimtafutia taarabu ya zamani, nikaivuta ijae kioo, nikamwambia aangalie rika, lile tari dogo, mkononi mwa mpigaji. Rika ni duara, lakini pale lilikuwa yai lililolala. Kilichomgusa zaidi wala hakikuwa rika. Alikuwa mwimbaji, ambaye ami alimjua enzi za ujana wao. "Ah, huyu hakuwa hivi," akasema. "Rudisha."

Sasa tuje kwenye kazi. Washa king'amuzi, ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya picha au ya kutolea picha kwenye tivii. Utakuta majina kama "4:3 Letterbox", "4:3 Pan&Scan", "16:9 Pillarbox", pengine "Auto". Namba ya mwanzo inauliza una tivii ya umbo gani. Neno linalofuata linaeleza picha isiyoenea ifanywe nini: "Pillarbox" inaweka weusi ubavuni, "Letterbox" inauweka juu na chini, na "Pan&Scan" inakata. Kwa tivii bapa chagua "16:9 Pillarbox". Kama haipo, chagua "Auto" ya 16:9.

Ile picha iliyozungukwa na weusi pande zote nne, mara nyingi chanzo chake ni hapa. Nyumba ilikuwa na chogo, king'amuzi kikapangwa 4:3. Tivii ikabadilishwa, king'amuzi kikabaki na mpango wa zamani. Sasa king'amuzi kinaweka weusi juu na chini, tivii nayo inaongeza wa ubavuni, na mechi inachezwa kwenye kidirisha. Ukiingia kwenye menyu ya tivii ukakuza, unapata picha iliyojaa lakini yenye ukungu, kwa sababu unakuza kitu kilichokwisha kupunguzwa.

Ukiwa humo humo, tazama waya. Ikiwa king'amuzi na tivii vyote vina tundu la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba picha na sauti pamoja, na wewe bado unatumia zile nyaya tatu, ya njano, nyekundu na nyeupe, acha. Ya njano ndiyo inayobeba picha, na haibebi zaidi ya mistari 576. HDMI inapeleka 1080, na kwa HDMI tivii huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuambiwa umbo la picha bila kubahatisha. Waya wa kawaida unatosha; wa kichwa cha rangi ya dhahabu hauongezi kitu kwa umbali wa mita moja.

Baada ya king'amuzi ndipo uende kwenye tivii. Weka 16:9, kisha tafuta kitu kinachoitwa "Just Scan" au "Screen Fit" au jina jingine la jamaa hiyo. Tivii nyingi, hata mpya, hukata kidogo kingo za picha, desturi waliyoirithi kutoka kwenye chogo, ambapo kingo hazikuwa zikinyooka na zikafichwa nyuma ya fremu. Dalili yake ni maandishi ya habari yanayopita chini kukatwa miguu. Ukiwasha hiyo unaiona picha nzima, na maandishi madogo yanakuwa makali zaidi kwa kuwa tivii haiinyooshi tena picha bila sababu.

Kuhakikisha, subiri mpira upigwe picha ya karibu, simamisha kama king'amuzi chako kinaweza, upime upana na kimo chake kwa tepu. Pima mpira wenyewe, si duara la katikati ya uwanja. Lile linaonekana limebonyea kwa sababu kamera iko pembeni, lakini mpira ni mviringo ukitazamwa kutoka kokote. Vipimo vikilingana, umemaliza.

Tivii nyingi hukumbuka mpangilio wa kila tundu peke yake. Ulichopanga kwenye HDMI ya king'amuzi hakiihusu flashi, kwa hiyo usishangae ukichomeka flashi ya harusi na bwana harusi akatoka amevimba. Kwa video za harusi kuna jingine: wapigaji wengine walirekodi kwa 4:3 halafu wakaivuta wenyewe wakati wa kuhariri, ubaya ukaingia ndani ya faili. Hapo ndipo uchague 4:3 kwenye tivii. Itaibana picha irudi kwenye umbo lake. Dawa hiyo hiyo inafaa kituo kinaporusha kipindi cha zamani kikiwa kimeshavutwa. Kipindi kikiisha rudisha 16:9, la sivyo taarifa ya habari itasomwa na watu waliokonda.

Rangi nitasema kidogo tu: toka kwenye "Dynamic" au "Vivid", zimewekwa ili tivii ing'are dukani, nenda "Movie" au "Standard", na ushushe "Sharpness".

Rimoti ya king'amuzi, hata ile inayoweza kuzima tivii, kwa kawaida haikufikishi kwenye menyu ya tivii. Ikiwa ya tivii imepotea na unakwenda kununua ya kuiga, Chake Chake au Darajani kule Unguja, itazame kabla ya kulipa. Tafuta kitufe kilichoandikwa "P.SIZE", "ASPECT" au "ZOOM", na uhakikishe kipo cha "MENU" pia. Zile ndogo zenye vitufe vya sauti na vituo pekee zitawasha tivii vizuri sana na kukuacha hapo hapo.