Kabla hujaagiza gia mpya: ushauri kwa wanaoanza kufufua taipureta za umeme

Taipureta ya umeme iliyokaa stoo miaka thelathini ukiichomeka, mara nyingi mota itaunguruma vizuri tu, lakini herufi haitoki hata moja. Hapo ndipo wengi wanaoanza kazi hii hukurupuka kuagiza vipuri. Na mimi nilianza hivyohivyo. Mashine yangu ya kwanza niliinunulia springi mpya na mkanda mpya, nikafunga kila kitu kwa makini, ikaendelea kununa. Kumbe kilichoibana ni oili ya zamani iliyokauka ikawa gundi. Nilipoisafisha nikarudishia springi zake za mwanzo, ikachapa bila taabu. Zile mpya bado zimo kwenye kopo, hazijawahi kupata kazi.

Kwa hiyo anza na brashi. Chomoa plagi, toa kifuniko, kisha sukuma kila kijiti na kila kikomeo kwa ncha ya bisibisi halafu kiachie. Kikirudi chenyewe kwa kasi, ni kizima. Kikirudi polepole kama mtu aliyeamshwa usingizini, kina gundi. Tumia spiriti ya kusafishia na brashi ndogo, dirisha likiwa wazi na moto ukiwa mbali, na kwanza ijaribu mahali pasipoonekana kwa sababu kuna plastiki na rangi zinazoyeyuka nayo. Utarudia mara tatu au nne. Ndipo uweke oili kwa tone, si kwa kumimina. Na tafadhali, ile dawa ya kopo ya kulegeza skrubu zenye kutu si kilainishi cha taipureta: leo itaonekana imefanya muujiza, baada ya miezi kadhaa utakuta imeacha utando na umerudi pale ulipoanzia.

Ukisafisha na ugonjwa ukabaki, sasa una haki ya kushuku kipuri.

Selectric ya IBM ni mwalimu mzuri kwa hili, kwa kuwa ziliuzwa zaidi ya milioni 13 tangu 1961, na magonjwa yake yanajulikana. Badala ya vijiti vya herufi ina tufe dogo lenye herufi 88, safu 4 za herufi 22. Mota huvuta mkanda, mkanda huzungusha puli, na nguvu hupita kwenye kitovu cha nailoni hadi kwenye klachi inayozungusha shafti. Kila herufi ni nusu mzunguko wa shafti ile. Nailoni ya kitovu hicho imezeeka, na kwenye mashine nyingi imeshapasuka. Dalili yake ni kwamba mota inazunguka, mkanda unazunguka, lakini shafti imesimama au inavutwa kwa kusuasua. Vitovu vipya hutengenezwa kwa alumini iliyokerezwa au kwa nailoni iliyochapwa kwa printa ya 3D. Kipuri chenyewe ni kidogo kama kifuniko cha chupa, ila kukifikia ni lazima uchomoe shafti, na ukishaichomoa mipangilio kibao inapotea. Piga picha kila hatua. Usiianze jioni ukidhani utaimaliza kabla ya kulala.

Nikiulizwa alumini au nailoni, kwa kitovu nachagua alumini bila kusita. Kwa gia inayosagana na gia nyingine nachagua plastiki, japo wako mafundi wanaonicheka. Sababu yangu ni kwamba gia ya plastiki haipigi kelele, halafu inafanya kazi ya fyuzi: kitu kikikwama, itakatika yenyewe kabla ya kuvunja kipande cha chuma ambacho hakuna anayekitengeneza tena.

Sasa upimaji. Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoumbuka.

Nilikuwa na taipureta ndogo iliyotengenezwa Marekani, gia ya mota imepasuka upande mmoja. Gia kama hizi hukazwa kwa nguvu juu ya shafti ya chuma. Plastiki husinyaa kadiri miaka inavyokwenda, chuma hakisinyai, mwisho plastiki inaachia mahali pamoja. Ukisikiliza utasikia "tak" moja kila mzunguko, pale ufa unapopita kwenye meno ya mwenzake. Gia yangu ilikuwa na meno 18. Kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo, ilinipa milimita 15.9 upande mzima na 16.1 kwenye ufa. Nikaona huu ni mchezo, nikaandika 16.

Ukitaka ukubwa wa jino, yaani moduli, chukua kipenyo cha nje ugawanye kwa idadi ya meno ukiwa umeongeza mbili. 16 kwa 20 ni 0.8. Moduli 0.8 ni kipimo cha kawaida kabisa, na namba inayotoka safi namna hiyo inalewesha. Nikachora, nikachapa, nikafunga. Mashine ikakoroma kama kinu, na baada ya dakika chache mota ilikuwa haishikiki kwa joto. Siku mbili nzima nikaisingizia mota.

Nilichosahau ni kwamba mashine ile ilichorwa kwa inchi. Wachoraji wa inchi hawatumii moduli, bali huhesabu meno mangapi yanapatikana kwa kila inchi ya kipenyo, na hapa yalikuwa 32. Kipenyo cha nje kinakuwa inchi 20/32, sawa na milimita 15.875. Ukikigeuza kuwa moduli unapata 0.794, si 0.8. Tofauti kwenye kipenyo ni kama unene wa karatasi moja nzito, nayo ilitosha kubana meno yote.

Njia ya kujikamata usidanganyike ni kupima umbali kati ya shafti mbili kwenye fremu, kwa sababu fremu haikupasuka. Jumlisha meno ya gia zote mbili, gawanya kwa mbili, zidisha kwa moduli. Mwenzake wa gia yangu alikuwa na meno 54. Kwa moduli 0.8 umbali ungekuwa milimita 28.8. Kwa hesabu ya inchi ni 28.575. Fremu ilisema 28.6. Ningelipima hapo kwanza ningeokoa siku mbili na kilo moja ya uchungu.

Mambo mengine madogo ya kalipa: gia yenye meno ya witiri, kama 17 au 19, huwezi kuipima ncha kwa ncha, kwa kuwa mkabala wa jino kuna pengo, na kalipa itakupa namba ndogo kuliko ukweli. Gia iliyopasuka isipimwe karibu na ufa. Gia iliyolika ipimie mwenzake aliye mzima. Na pembe ya jino nayo ina matoleo mawili yanayokutwa sana, digrii 20 na digrii 14.5, hiyo ya pili hukutwa zaidi kwenye mashine za zamani. Lilinganishe jino na mchoro uliochapwa kwa ukubwa wake halisi ndipo uamue.

Tundu la katikati usilinakili. Wageni hunakili kila kitu kwa uaminifu, hata kosa lililomuua marehemu. Tundu lililobana ndilo lililoipasua gia ya kwanza, basi ukilirudia unaitengenezea ya pili ufa wake. Mimi huliacha liingie kwenye shafti kwa kusukuma na dole gumba, halafu naishika kwa gundi ya kushikiza shafti au kwa skrubu ndogo ya ubavuni. Printa ya 3D kwa kawaida hutoa tundu dogo kuliko ulilochora, hivyo acha nafasi ulitanue kwa kekee ya mkono, taratibu.

Kuhusu malighafi sina mengi. PLA, plastiki ya kawaida ya printa ya 3D, inafaa kwa jaribio la vipimo tu, kwa kuwa inaanza kulegea karibu na nyuzi joto 60 na ndani ya kifuniko karibu na mota kuna joto. Nailoni ni nzuri lakini hunywa unyevu, ikaushe kabla ya kuchapa. Gia ilaze chali juu ya meza ya printa ili kila tabaka liwe umbo zima la gia. Ukiisimamisha, jino litabanduka tabaka kwa tabaka kama andazi. Rezini ya kawaida hutoa umbo zuri sana linalovunjika haraka sana.

Wapo wanaochapa matufe mapya ya Selectric kwa rezini, yenye maumbo ya herufi ambayo hayakuwahi kutoka kiwandani. Ni raha kuyaona, ila si kazi ya kuanzia. Herufi 22 kwenye mzunguko mmoja maana yake kila safu wima iko digrii 16.36 kutoka kwa jirani yake, na chini ya tufe kuna pengo dogo kwa kila moja, ambamo kabari huingia kulifunga kabla halijapiga karatasi. Pengo likilika kidogo tu, mstari mzima unayumba.

Mikanda ya meno ina mtego uleule wa inchi. Ipo yenye hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 2 na ipo yenye hatua ya inchi 0.080, ambayo ni milimita 2.032. Ukizishika mkononi ni pacha. Kwenye mkanda wa meno 100, pacha hao wamepishana milimita 3.2, na ule usio wake utapanda juu ya meno ya puli.

Mpira una vifo viwili. Kuna unaokauka ukawa kama jiwe, na kuna aina za plastiki laini zinazooza zikawa ulimbo mweusi unaonata vidoleni siku nzima. Ule ulimbo usiuguse bila glavu, na usiuache udondokee gia. Rola kuu, ile ambayo karatasi hujiviringisha juu yake, ijaribu kwa kucha: kucha isipoacha alama hata ya muda, rola imeshakuwa ngumu, karatasi itateleza na mlio wa kila herufi utakuwa mkali kama msumari. Kuna wanaoivalisha ala ya plastiki inayobana kwa joto. Inashika karatasi, sikatai, lakini imeongeza kipenyo, na hapo ule mwanya kati ya herufi na rola umeshabadilika. Herufi zitaanza kutoboa karatasi, hasa nukta. Ni afadhali uipeleke kwa wanaomenya mpira wa zamani na kuweka mpya kwa kipenyo cha asili, nawe uwe umekipima kwenye ncha za rola, ambako karatasi haikupita sana.

Umeme niliuacha mwisho, lakini wewe usiuache mwisho. Ndani ya mashine nyingi kuna kapasita ya kuchuja kelele za umeme zinazoingilia redio, imekaa moja kwa moja kwenye waya za umeme mkuu. Zile za karatasi zenye ganda la plastiki angavu hupata nyufa, huvuta unyevu, na siku ukichomeka hutoa moshi wenye harufu usiyoisahau. Ibadilishe kabla ya jaribio la kwanza, kwa ya daraja la usalama la X2 iwapo iko kati ya waya mbili za umeme, au daraja la Y iwapo inagusa fremu. Kapasita kubwa ya mota ya enzi zile, kabla Marekani haijapiga marufuku kemikali za PCB mwaka 1979, usiitoboe wala usiifungue. Inaweza kuwa na mafuta yenye sumu.

Mashine ya umeme wa Hz 60 ukiipeleka penye umeme wa Hz 50, transfoma itakurekebishia volti tu. Mota itazunguka kwa kasi ya tano juu ya sita ya ile iliyokusudiwa, na itapata joto zaidi. Dawa yake ni mota ya Hz 50 na puli ya kipenyo chake.

Gia mpya ikishafungwa, usiikabidhi mashine siku hiyo. Zungusha kwanza kwa mkono, plagi ikiwa nje, mizunguko kumi mizima, ukisikiliza mahali panapobana. Kisha washa, chapa kurasa tano za maneno yoyote, zima, chomoa, fungua kifuniko na uweke karatasi nyeusi chini ya gia uipigepige kwa brashi. Punje mbili tatu ni za kawaida, meno yanazoeana. Ukikuta unga, rudi kwenye kalipa.