Feni ya V8 na jam ya Thika Road

Wenye magari ya misuli ya Marekani hapa Nairobi ni wachache, lakini wakianza kuandika huandika kwa mpigo. Wiki hii wote wanalia joto.

Fundi, shikamoo. Nina Mustang ya 1967 yenye V8 (injini ya silinda nane) ya inchi za ujazo 289. Kwenye jam ya Thika Road geji inapanda mpaka nyekundu, njia ikifunguka inashuka yenyewe. Nimeambiwa nibadilishe rejeta. Ni kweli? (Kijana wa Kasarani)

Marahaba. Pesa yako ikae mfukoni kwanza. Rejeta iliyoziba haiponi kwa sababu barabara imefunguka, tena ingezidi kuchemka ukikanyaga mafuta. Gari likishafika kilomita 60 hivi kwa saa, upepo wa barabarani unapita kwenye rejeta wenyewe, na feni inabaki abiria. Kwenye jam hakuna upepo, kwa hiyo mzigo wote ni wa feni. Dalili zako zinaishtaki feni.

Lakini hata hiyo usiinunue bado. Fungua boneti utafute kava inayoizunguka feni, ile inayofungwa nyuma ya rejeta. Sitashangaa ukiikosa. Si Mustang zote zilitoka nayo kiwandani, na zilizotoka nayo zimepita kwa mafundi wengi: mmoja alibadilisha pampu ya maji, kava ikamzuia spana, akaitoa na kuisahau kwenye kona ya gereji. Bila kava, feni inavuta hewa ya moto ya pembeni ya injini na kuizungusha papo hapo, huku kona za rejeta hazipati kitu. Nenda Kamukunji na vipimo. Wale wanaokunja masanduku ya bati ya wanafunzi hawashindwi na kava. Nusu ya upana wa mapanga iwe ndani ya kava, nusu nje, na kati ya ncha na kava acha sentimita mbili na nusu, maana injini hucheza ukikanyaga mafuta.

Yangu ni kinyume. Mjini iko sawa, nikipanda kutoka Mai Mahiu inachemka. Niweke feni kubwa? (Limuru)

Hapana. Angalia rejeta, angalia kama mpira wa chini wa rejeta, ule wa maji, unanywea injini ikikimbia, kisha pima taiming'i, yaani wakati plagi zinapotoa cheche. Labda kama unapanda ukiwa nyuma ya lori kwa mwendo wa miguu. Hapo rudi kwenye jibu la kwanza.

Wenzangu wote wanaweka feni za umeme. Mimi nina Camaro ya 1969, alteneta ni ya kiwandani. Niwafuate? (South B)

Mimi ningebaki na feni ya mkanda, ila iwe na klachi. Feni ya umeme inayoweza kuipoza V8 hula ampea 25 hadi 35, na zaidi pale inapoanza kuzunguka. Alteneta za kawaida za miaka hiyo zilitoa kama ampea 37, injini ikikimbia. Kwenye jam, saa ileile unayoihitaji feni, injini inanguruma taratibu na alteneta inatoa hata chini ya hizo 37. Ongeza taa na waipa jioni ya mvua, Mombasa Road imesimama. Deni lote linalipwa na betri, na betri ikichoka unasukuma tani moja na nusu ya chuma huku matatu zikikupigia honi.

Klachi ninayosema ni ile ya mafuta mazito ya silikoni, ambayo mafundi wengi huiita viskasi. Hewa inayotoka kwenye rejeta ikiwa baridi, klachi inateleza. Ikiwa moto, springi ya koili iliyo mbele yake inafungua njia ya mafuta na feni inashika. Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mizunguko ya feni ikiongezeka mara mbili, nguvu inayokula huongezeka mara nane. Feni iliyofungwa moja kwa moja hukuibia nguvu hiyo safarini wakati huna haja ya feni. (Wenye Peugeot 504 wanacheka hapa. Yao ilikuwa na klachi ya sumaku ya umeme tangu zamani.) Ukiikuta klachi ya mtumba, tazama kama imevuja mafuta. Kisha injini ikiwa moto, izime na usukume panga kwa mkono. Likizunguka ovyo kama pia ya kuchezea, imekufa.

Ukishikilia umeme, basi anza na alteneta ya ampea 100 hivi. Weka relei (swichi inayowashwa kwa umeme), fyuzi na waya nene kutoka kwenye betri, usipitishe kwenye swichi ya ufunguo. Kama thamostati yako, ile vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta, ni ya digrii 82, feni iwake kwenye 92 au karibu na hapo. Na ikae nyuma ya rejeta ikivuta, kwa sababu ikiwa mbele inauzuia upepo wa barabarani.

Nairobi ni mji wa baridi. Mbona gari linachemka hapa kuliko lilipokuwa Mombasa? (Lang'ata)

Ni mwinuko. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa ni hafifu kwa kama moja ya sita. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa kidogo. Pili, maji yasiyo na mgandamizo hapa huchemka kwenye digrii 94 hivi. Kifuniko kizima cha rejeta, cha mgandamizo wa psi 13, hukupeleka juu ya 110. Kilicholegea kinakuachia hizo 94. Anza na kifuniko, ni rahisi kuliko feni yoyote.

Kuna feni nyepesi yenye mapanga membamba yanayonyooka injini ikikimbia. Inafaa? (Ngara)

Niliwahi kuifunga. Panga moja lilikatika, likapasua mpira wa juu na kutoboa boneti. Nilikuwa nimesimama kando, si mbele, na ndiyo maana naandika. Mapanga yanayopinda kila siku hupata ufa kwenye ribiti zinazoyashika. Kama unayo tayari, yakague kwa tochi, na usiegemee injini ikinguruma.

Tumefunga feni ya umeme, inazunguka vizuri, lakini gari linachemka kuliko mwanzo. (Umoja)

Simama mbele ya gari feni ikiwaka, uweke karatasi kwenye grili. Ikigandia, feni ni nzima, tafuta kwingine. Ikipeperushwa kukuelekea, waya za mota zimepishana na feni inapigana na upepo wa barabarani. Zigeuze hizo mbili, kazi ya dakika tano, na usimlipe mtu.